Usiegemee Gari la Mtu

Birika lilikuwa linapiga filimbi jikoni, na fundi alikuwa ameketi karibu kabisa na mlango wa jiko, anafunga kamba za viatu, hana hili wala lile. Lilipiga filimbi mpaka maji yakaanza kumwagika. Mkewe akatoka bafuni na povu la sabuni shingoni, akazima moto, akasimama mbele ya mumewe mikono kiunoni.

"Baba Watoto, hivi birika hili linawapigia filimbi majirani?"

"Birika gani?"

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," alisema mkewe akirudi bafuni.

Hayo ya mwisho aliyasema akiwa amempa mgongo, kwa hiyo fundi hakuyapata. Aliona tu mabega yake yakipanda na kushuka, akajua kasemwa. Akakasirika. Siku hizi watu wote nyumbani mwake walikuwa wameanza tabia ya kuongelea ndani ya shati. Mke ananong'ona, watoto wananong'ona, na redio nayo inanong'ona mpaka uipandishe hadi mwisho. Ukimwomba mtu arudie, anarudia kwa kelele za mtu anayefukuza mbuzi shambani. Heshima imekwisha duniani, aliwaza, akachukua koti lake la kazi na kutoka bila kunywa chai.

Msomaji ameshajua shida iko wapi. Mke alijua, watoto walijua, na birika lingeweza kusema lingesema. Aliyebaki ni mwenyewe tu. Ngurumo alizisikia, milango ikibamizwa aliisikia, wanaume wenye sauti nene aliwasikia vizuri. Sauti nyembamba ndizo zilizomkimbia, moja baada ya nyingine, na kwa vile hazikuaga hakujua kwamba zimeondoka. Tena alikuwa na sababu nzuri ya kutotaka kujua, maana mtaa mzima ulimwita Sikio.

Jina hilo hakujipa. Alipewa na madereva, na madereva hawampi mtu jina zuri bure. Gereji nyingine za mtaa ule zilikuwa na mtindo wa kufungua kwanza na kuuliza baadaye: gari linaingia na kikohozi, linabadilishwa nusu ya matumbo, linatoka na kikohozi chake kilekile. Kwa Sikio haikuwa hivyo. Ukutani mwake alikuwa ameandika sheria moja kwa brashi, kwa rangi iliyobaki kwenye kopo: GARI HALIFUNGULIWI KABLA HALIJASIKILIZWA. Linawashwa, yeye anafumba macho, anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini na mpini anaubana sikioni. Watu wote kimya. Kisha anafumbua macho, anatupia gari zima jicho mara moja, anainama na kupiga msalaba wa chaki. "Hapa." Wanafungua hapo na si pengine, na ugonjwa wanaukuta umekaa unawasubiri.

Sifa yake kubwa kuliko zote ilitokana na basi la shule. Basi hilo lililetwa kutengenezwa breki, watoto wakiwamo ndani. Breki zikatengenezwa, Sikio akalisikiliza, likaruhusiwa kwenda. Lilipokuwa linakata kona, mdogo wake wa kike akachomoka getini, ndala mkononi, akalikimbilia huku anapiga mayowe lisimame. Likasimama. "Kaka kasema beringi ya gurudumu la nyuma inalia," alimwambia dereva, anahema. Walipofungua, beringi ilikuwa imekwisha kabisa, na gurudumu lile lingetoka barabarani na watoto wamejaa ndani. Basi, mtaa ukapata hadithi. Sikio kasikia beringi basi likiwa limeshafika kona! Kila aliyeisimulia aliitia chumvi yake, mpaka ikafika mahali basi lilikuwa limeshavuka daraja. Sikio mwenyewe hakuikanusha. Hakukumbuka vizuri kumtuma mtu, lakini siku ile alikuwa na kazi nyingi, na sifa ikikugongea mlango huiulizi imetumwa na nani.

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa fundi umeme wa gereji. Sikio alimlea mwenyewe tangu wazazi wao walipofariki, akamfundisha kazi, akampa meza yake karibu na dirisha. Alikuwa na mikono miepesi kwenye nyaya na mdomo mzito kwenye maneno. Ila alikuwa na kasoro moja iliyomkera kaka yake mpaka kwenye mifupa: alikuwa mtu wa kuegemea. Gari likiwashwa tu, utamkuta kaegemea madigadi, au kaketi juu ya bampa, au kaweka kiwiko kwenye boneti, anatafuna njiti ya kiberiti na kutazama mbali.

"Usiegemee gari la mtu!" Sikio alikuwa akimfokea mbele ya wateja. "Hilo ni gari, si ukuta wa kwenu!"

"Samahani, kaka," alikuwa akijibu. Na kesho yake utamkuta kaegemea jingine.

Sasa tuje kwenye gari lililomkosesha Sikio usingizi. Lilikuwa gari la mbio, chini kama meza ya kahawa, jekundu, rangi yake mwenyewe haruhusu mtu aiguse, na nyuma lilitoa midomo minne ya mabomba ya moshi. Mwenyewe alikuwa muuza magodoro. Mtaani walisema mchana anawauzia watu usingizi na jioni anapita kuwanyang'anya. Lakini ukimwona yeye mwenyewe ungeshangaa, kwa sababu alikuwa mtu mpole, mwenye sauti nyembamba ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nadhani ndiyo maana alinunua gari la kumsemea.

Ndani ya mabomba ya gari la namna hiyo mna vali mbili, moja kulia na moja kushoto. Kila vali ni kilango cha bati kinachozunguka juu ya kipini. Ukienda taratibu vilango vinafungwa na gari linapita kwa adabu. Ukikanyaga mafuta vinafunguka na gari linanguruma. Basi, kimoja kati ya vilango hivyo kilikuwa kinagonga. Asubuhi, injini ikiwa baridi, kilitoa mlio mwembamba wa kijiko kinachotikiswa ndani ya glasi, na taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Kisha chuma kikipata moto kinavimba, kilango kinabanwa, mlio unakoma. Usipousikia mwanzoni, huna budi kusubiri gari lipoe upya.

Mashine ya mdogo wake, ile inayosoma kompyuta ya gari, ilisema tatizo ni vali ya ekzosi, ikaishia hapo. Haikusema ni ya upande gani. Hiyo ilikuwa kazi ya Sikio.

Safari ya kwanza Sikio alifumba macho, akasikiliza, akasikia ngurumo. Ngurumo tupu. Akafumbua macho, akatazama gari zima, akaona gari tu. Alikuwa amesimama upande wa kulia, watu wanamtazama, na mtu anayeitwa Sikio hawezi kusema sijui. Akapiga chaki kulia. Vali ikaagizwa ng'ambo, ikasubiriwa, ikaja, ikafungwa. Asubuhi yake muuza magodoro akapiga simu kusema kijiko bado kiko ndani ya glasi.

Safari ya pili Sikio alisema ni boliti za bati la kukinga joto, akazikaza zote kwa hasira mpaka moja ikakatika. Siku ile mdogo wake alimfuata pembeni akamwambia, "Kaka, mimi naona ni kushoto." Sikio akawa mbogo. "Wewe ni wa nyaya," alimwambia, "mimi ni wa sauti. Kila mtu na shamba lake." Na kijiko kikaendelea kugonga.

Leo ilikuwa safari ya tatu. Muuza magodoro hakuliendesha. Alilileta juu ya lori, halijawashwa tangu jana, ili lifike likiwa baridi. Alishuka na kitambaa laini mkononi, akafuta vumbi la safari, akamsalimia kila mtu kwa heshima, kisha akasema lililomleta.

"Fundi, leo ikishindikana nalipeleka kwa mawakala wa kiwanda. Na wakiniuliza kwa nini sikuenda kwao mapema, nitawaambia ukweli."

Alisema taratibu, lakini alikuwa amesimama mbele yake, kwa hiyo Sikio aliyaona maneno yakitoka mdomoni na kuyapata yote. Mteja huenda na mwingine akaja, hilo fundi yeyote analijua. Lakini wakiamka siku moja mtaani na kusema Sikio hasikii, yeye atakuwa nani? Hakuwa na jina jingine la kurudia. Hata mkwewe alimwita hivyo.

"Leo haitashindikana," alisema. "Washa."

Muuza magodoro akaingia, akawasha. Gari likapiga kelele ya kuamka, bati za paa zikatetemeka. Sikio alipiga magoti nyuma, akafumba macho, akabana bisibisi kati ya bomba na sikio. Ngurumo. Akahamia upande wa pili. Ngurumo. Alijaribu kuipita ile ngurumo, kuisogeza pembeni ili aone kilicho nyuma yake, na nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Hiyo! Umeisikia?" muuza magodoro aliuliza, kichwa nje ya dirisha. "Hiyo hapo, nzuri kabisa!"

"Nimeisikia," alisema Sikio, na jasho likamtoka kwapani, maana alisema uongo.

"Imekata. Basi ni upande gani?"

"Zima. Nataka kuisikia tena ili niwe na uhakika."

Ikabidi wasubiri chuma kipoe. Kusubiri kwenyewe kulikuwa adhabu. Muuza magodoro aliketi juu ya tairi kuukuu, kitambaa mapajani. Dereva wa lori hakuondoka. Alikuwa amesikia hadithi ya basi la shule, akataka naye aone kwa macho yake. Sikio alizunguka gereji akitafuta watu wa kugombana nao. Akagombana na jeki kwa kuachwa njiani. Akagombana na mpira wa maji. Akamkuta mdogo wake anasogea nyuma ya gari, upande wa kushoto, mkono umenyooka kuelekea madigadi.

Muuza magodoro aliruka kutoka kwenye tairi. "Usiguse! Dada, tafadhali, usiguse bodi! Rangi hiyo hata ukucha inaona!"

Na Sikio, aliyekuwa anatafuta pa kuangushia hasira yake, akaiangusha hapo. "Mara ngapi nimekwambia? Mara ngapi? Usiegemee gari la mtu! Una mifupa au huna?"

Mdogo wake alirudisha mkono. Alimtazama kaka yake kwa muda, akasogea mpaka ukutani, mikono nyuma, akasimama wima.

Wakawasha tena. Sikio alipiga magoti, akafumba macho, akabana bisibisi kwa nguvu mpaka sikio likauma. Ngurumo. Alisukuma fikra zake zote ndani ya lile tundu dogo la sikio, akazisihi, akazitukana. Ngurumo. Alijua dakika zinakwenda, chuma kinapata moto, kilango kitanyamaza. Akafumbua macho. Akatupia gari zima jicho, kama desturi yake, kuanzia boneti, mlango, madigadi, mpaka bampa.

Macho yakarudi tena. Boneti, mlango, madigadi, bampa. Yalikuwa yanatafuta kitu. Yalizunguka gari lile yakitafuta, yakakosa, yakainuka yakaenda mpaka ukutani, yakamkuta mdogo wake amesimama wima, mikono nyuma, njiti ya kiberiti mdomoni, ametulia tuli.

Chaki ikamwanguka.

Siku zote alidhani anatazama gari. Teksi iliyokuwa na gia mbovu, mdogo wake alikuwa kaegemea wapi? Kwenye mlango wa dereva, usawa wa gia. Pikapu ya muuza mkaa? Alikuwa kaketi kwenye bampa la nyuma, upande ambao diferensha ilikuwa inakula meno. Kile kigari cha mwalimu? Kiwiko kwenye boneti, juu kabisa ya tapeti iliyolegea. Yeye anafumbua macho, anamwona, anamfokea aondoke, kisha anainama na kupiga chaki palepale alipomwondoa. "Hapa." Na watu wanapiga makofi.

"Zima!" alisema. Kisha akamwambia mdogo wake, "Njoo huku."

Walikwenda nyuma ya stoo, kwenye rundo la matairi. Sikio alisimama karibu naye sana, uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza akagundua kwamba amezoea kusimama hivyo na watu wote.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini, kaka?"

"Usinifanye mtoto. Tangu lini unaniegemea magari?"

Mdogo wake alitoa njiti mdomoni, akaitazama. "Tangu basi la shule."

"Basi la shule nilikutuma mimi."

"Hukunituma. Ulisema liko safi. Lilikuwa linalia hadi mimi pale dirishani nalisikia, na wewe umesimama kando ya gurudumu, ukaligonga kofi ukasema nenda."

Siku ile ikamrudia Sikio. Aliwaona watoto wale madirishani, wamebana pua zao kwenye vioo, wanampungia mkono. Aliwapungia pia. Alikumbuka vizuri sana kwamba aliwapungia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia! Jioni ileile nilikuambia, kaka, masikio yako. Ukanirushia spana."

"Haikukupata."

"Ilivunja taa. Halafu ukaninunia, hukunisemesha, mpaka wifi akaja kutupatanisha na hajui anapatanisha nini. Nikaona mdomo unaleta vita, bora nitumie kiwiko."

"Na wiki ile ulipougua?"

"Kwani nilikosa kazini?"

Hakukosa. Alikuja na homa, amejifunga shuka mabegani, akaegemea teksi na mwili wote, meno yanagongana, na Sikio alimwambia mbele ya watu kwamba anayeumwa alale kwake, hapa si zahanati. Alimwambia kwa sauti kubwa kabisa. Hasira aliyokuja nayo nyuma ya stoo ilimtoka yote ikamwacha na aibu, na chini ya aibu palikuwa na hofu, kwa sababu mtoto wa mama yake alikuwa binadamu na siku moja angeugua asiweze kuinuka.

"Kwa hiyo mimi ni sanamu," alisema. "Unanivuta kamba."

"Mikono ni yako, kaka. Mimi nikifungua injini nikaifunga, nabaki na nati mbili mfukoni. Wewe hujawahi kubakiza." Akatoa kipande cha chaki mfukoni mwake, akamtia kiganjani. "Ni kushoto. Nenda kapige alama, fungua, tumalize. Hakuna atakayejua."

Hapo ndipo penye kazi. Kutoka nyuma ya stoo mpaka kwenye lile gari palikuwa karibu tu, na Sikio alitembea na chaki mkononi, na jina lake zima lilikuwa ndani ya kile kipande cha chaki. Kuinama, kupiga msalaba, kusema hapa. Muuza magodoro angefurahi. Dereva wa lori angepata hadithi ya pili ya kutia chumvi. Na kesho gari jingine lingeingia, na keshokutwa, na mdogo wake angeamka na homa na kujifunga shuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wazee, na yeye alikuwa amesifiwa mpaka akabaki na maji matupu.

Alisimama mbele ya muuza magodoro.

"Tajiri, ndani ya buti mna kipande chochote cha godoro?"

"Godoro? Nina sampuli za sponji. Za nini?"

"Lete moja. Laini kuliko zote."

Muuza magodoro alileta, amechanganyikiwa. Sikio aliichukua, akaikunja, akaipapasa kuona kama ina mchanga, akaiweka juu ya madigadi ya nyuma, taratibu, mwenyewe anamtazama roho mkononi. Kisha akavuta pumzi. Alikuwa hajawahi kuona kazi ngumu namna hiyo, na amewahi kushusha injini ya lori kwa kamba.

"Mimi sauti hii sijaisikia," alisema. "Sijaisikia leo wala siku zile mbili za kwanza. Ya basi la shule pia sikuisikia. Aliyesikia ni huyu." Akamgeukia mdogo wake, akamnyooshea mkono kwenye ile sponji. "Mdogo wangu. Egemea."

Dereva wa lori akatazama chini. Mdogo wake hakusogea. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na uso umekasirika, kana kwamba kaka yake kamvunjia kitu alichokitunza muda mrefu.

"Egemea, nakwambia! Au mpaka nikukataze?"

Hapo akacheka, huku machozi yanamtoka, akaja.

Walisubiri chuma kipoe, na safari hii Sikio hakugombana na jeki. Gari likawashwa. Hakufumba macho. Alimtazama mdogo wake akigusa sponji upande wa kulia, akasikiliza, akatikisa kichwa; akahamisha sponji kushoto, akaegemea, uzito wote, akatafuna njiti yake na kutazama mbali. Sikio aliinama akapiga msalaba sakafuni, chini ya bomba la kushoto.

Akafungua mwenyewe. Alitoa lile bati la joto na boliti zake alizozikaza kwa hasira, akafikia kipini cha vali, akakishika kwa vidole viwili. Kilicheza kama jino la mtoto. Mota inayokizungusha kilango ilikuwa nzima, waya nzima. Kilango ndicho kilichokula tundu lake mpaka kikalegea, kikawa kinagonga kikiwa baridi. Kilichoyashinda masikio yake alikijua mara moja kwa vidole, na hilo nalo lilimtia uchungu, kwa sababu vidole vilikuwepo siku zote na hakuna aliyeviuliza.

Alikaa sakafuni, kilango mkononi, anakifuta masizi kwa kitambaa. Muuza magodoro alikuwa amesimama nyuma yake, upande wa kulia. Akauliza, kwa ile sauti yake ya kuomba chumvi:

"Kwa hiyo, fundi, sasa nalo hili tunafanyaje?"

Sikio aliendelea kufuta. Muuza magodoro akamtazama mdogo mtu, hajui kama amejibiwa au kapuuzwa. Yule dada akatoka kwenye sponji, akaja nyuma ya kaka yake, akaegemeza kiwiko chake begani mwake, bega la kulia, upande ilikotoka sauti.

Sikio aliacha kufuta. Uzito wa mdogo wake ukiwa begani, akageuza uso upande huo.

"Rudia, tajiri," alisema. "Sema kwa nguvu, sisikii vizuri."